Mtoto Mtandaoni, Sheria ya Nchi na Ukimya Wetu

Tuseme binti wa kidato cha pili, aliyepata kipaimara mwaka jana, anapokea ujumbe kwenye simu ya mama yake. Anayemwandikia anajiita mwanafunzi wa shule ya jirani. Inaanza salamu, inafuata vocha, zinafuata sifa, mwisho linakuja ombi la picha. Siku picha ya aibu inapotumwa, maneno yanageuka: tuma nyingine, la sivyo hii itafika shuleni na kanisani. Binti ananyamaza. Baada ya miezi inajulikana kwamba mwandishi yule ni mtu mzima, tena mshirika wa usharika uleule. Wazee wanakutana, na mmoja anasema, "Haya tuyamalize humu humu. Tukienda polisi tutalichafua kanisa."

Mfano huu tumeutunga, lakini maneno ya yule mzee si mageni masikioni mwetu. Nayo yanatuletea swali gumu: sisi tunaohubiri msamaha, je, twaweza kumfikisha ndugu yetu wa imani mbele ya sheria?

Tuanze na sheria yenyewe. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Inampa pia kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto kwa njia ya kompyuta, na simu imo humo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili.

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuiona sheria hii kama jambo la dunia lisilotuhusu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linafundisha kwamba serikali na sheria zake ni kazi njema ya Mungu. Mungu hutawala kwa mikono miwili. Kwa Injili huuponya moyo, na kwa sheria huuzuia mkono wa mdhalimu hata kama moyo wake haujageuka. Mtoto anayewindwa usiku wa leo hawezi kungoja mwindaji aokoke kwanza.

Wengine watatukumbusha amri ya nane: tusimshuhudie jirani uongo, na mambo yake tuyaeleze kwa wema. Ni kweli. Lakini Luther, katika Katekisimo Kubwa, anapokataza kutangaza dhambi za wengine anawatoa katika katazo hilo mahakimu, wazazi na wote ambao wito wao unawadai kusema. Kumsengenya mtu sokoni ni dhambi; kumweleza ofisa mwenye dhamana yale tunayoyajua ni utii. Na katika amri ya tano anafundisha kwamba awezaye kumwokoa jirani na madhara asimwokoe, naye ana hatia. Hapo ukimya wa wazee wetu unahukumiwa.

Na msamaha je? Mwivi aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliahidiwa peponi siku ileile, wala hakushushwa msalabani. Aliyemdhulumu mtoto akitubu, tutamtamkia ondoleo la dhambi, hata gerezani tutamfuata na Meza ya Bwana. Lakini hatutamrudishia darasa la Shule ya Jumapili, wala hatutamlazimisha mtoto kumpa mkono mbele ya baraza ili sisi wakubwa tulale kwa amani. Msamaha wa namna hiyo tunaulipia kwa machozi ya mwingine.

Hata hivyo sheria ina mpaka wake. Haiwezi kufanya kazi juu ya jambo lisilosemwa. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Wako huko tayari, tupende tusipende. Binti wa mfano wetu hakunyamaza kwa kukosa sheria. Alinyamaza kwa kuogopa kipigo cha baba, kilio cha mama, na macho ya kwaya. Aibu iliyokuwa ya yule mtu mzima ilimwangukia yeye, na sisi ndio tuliomfundisha kuibeba.

Basi kazi yetu huanzia hapo. Watoto wetu wasikie kutoka kwetu, kabla ya siku mbaya, kwamba wakikosea na wakidanganywa watapokelewa. Darasa la kipaimara likifundisha amri ya sita, liseme wazi habari za simu. Na mtoto akifungua kinywa, tumsikilize bila kumkemea, tusifute ujumbe ule kwa kuwa ni ushahidi, tupige simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, au tuende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Bwana wetu alisema, katika Mathayo 18, kwamba anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa ingemfaa jiwe la kusagia shingoni. Hakusema neno lolote juu ya kulinda jina la usharika.