Magurudumu ya Mashindano na Magurudumu ya Kila Siku

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Neno hili ni kweli katika mambo mengi, lakini je, ni kweli katika yote? Mwezi huu twataka kulipima kwa kitu ambacho wengi wetu twakijua, nacho ni gurudumu la baisikeli.

Watu washindanao katika mbio za baisikeli za barabarani huwa mara nyingi na jozi mbili za magurudumu. Jozi moja ni ya mazoezi: ringi zake, yaani duara zishikazo tairi, ni za alumini, na spoki zake ni nyingi, nayo hustahimili mashimo na mawe. Jozi ya pili ni ya mashindano: ringi zake zimefanyizwa kwa nyuzi za kaboni, nazo ni nyepesi, au zina kina kirefu zipate kuukata upepo, na spoki zake ni chache. Bei yake yaweza kupita bei ya baisikeli nzima ya kawaida. Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya mbio hizi yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na magurudumu ya namna hiyo yakapita katika vilima vya jirani zetu.

Basi wapanda baisikeli hubishana hivi: Je, mtu ayatumie magurudumu yake bora kila siku, au ayaweke mpaka siku ya mashindano?

Wako wasemao ayaweke, kwa sababu gurudumu zito humtia mtu nguvu wakati wa mazoezi. Neno hili likipimwa halisimami. Mguu haujui uzito wa gurudumu, wajua juhudi tu. Mtu akikaza mguu kwa juhudi ile ile, gurudumu zito litamchelewesha kufika, lakini halitamwongezea nguvu. Tena tofauti yenyewe si kubwa kama watu wadhanivyo. Tuseme mtu pamoja na baisikeli yake wana uzito wa kilo 80, na magurudumu mepesi yapunguza nusu kilo. Hiyo ni sehemu moja katika 160. Katika kupanda mlima kwa muda wa saa nzima, atatangulia kwa sekunde 22 hivi. Katika mashindano, sekunde hizo ni mali. Mwaka 1989 Greg LeMond wa Marekani alimshinda Laurent Fignon katika Tour de France kwa sekunde 8 tu, baada ya safari ya kilometa zaidi ya 3,000. Lakini asubuhi ya mazoezi, sekunde 22 zamfaa nani?

Sababu ya kweli ya kuyaweka ni nyingine. Katika baisikeli zenye breki za kubana ringi, kila mtu ashikapo breki, ringi hulika kidogo. Na mvua na mchanga huzidisha kulika huko, hata mwisho ringi haifai tena. Siku hizi baisikeli nyingi za mashindano zina breki za sahani zisizoigusa ringi, na kwa hiyo wengi hutumia jozi moja siku zote. Hata hivyo shimo la barabarani halichagui gurudumu la bei kubwa wala la bei ndogo. Kwa hiyo gurudumu ni kitu kipunguacho kwa kutumiwa, na kukiweka ni busara. Ila asikiweke hata kiwe kigeni kwake. Ringi yenye kina kirefu husukumwa na upepo wa ubavuni, na ringi ya kaboni ibanwayo na breki huchelewa kushika wakati wa mvua. Ni hatari mtu kujifunza mambo hayo siku ile ile ya mashindano.

Sasa twauliza: ushindi ni wa chombo, au ni wa mtu? Kuna shindano la kuona mtu aweza kwenda umbali gani peke yake katika kiwanja kwa saa moja. Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda kilometa 49.431. Mwaka 1984 Francesco Moser wa Italia, akitumia magurudumu mazima kama sahani, alifikia 51.151. Mwaka 1996 Chris Boardman wa Uingereza, kwa baisikeli na mkao wa namna mpya, alifikia 56.375. Ndipo UCI, chama cha dunia cha mchezo huu, kikaamuru kwamba rekodi hiyo iwekwe kwa baisikeli ya namna ya Merckx. Na amri hiyo ilidumu mpaka 2014. Mwaka 2000 Boardman akajaribu tena kwa baisikeli ya namna hiyo, akaenda kilometa 49.441, yaani mita 10 tu kumzidi Merckx.

Basi asemaye kwamba chombo si kitu, asema uongo. Lakini na tutazame kilichobaki chombo kilipoondolewa: zile kilometa 49. Hizo hazinunuliwi dukani, wala haziwekwi kabatini. Mpanda baisikeli akiiweka miguu yake miezi miwili ili asiichoshe, ataikuta imelegea.

Hapa ndipo tuonapo kwamba mali ya mtu ni ya namna mbili: iko ipunguayo kwa kutumiwa, na iko izidiyo kwa kutumiwa. Kosa letu ni kuzichanganya. Yuko mtu awekaye upole wake kwa ajili ya wageni, na watu wa nyumbani mwake huwapa ukali. Yuko aazimaye baisikeli ya jirani, akairudisha ringi imepinda, akanyamaza. Naye husema moyoni kwamba siku ya jambo kubwa atakuwa mkweli. Siku hiyo itakuja, naye atautafuta ukweli wake kama mtu atafutaye nguvu katika mguu uliolala miezi mingi.

Labda mtu atatujibu, "Hakuna awezaye kushindana kila siku; atachoka." Ni kweli. Hata mshindani hupumzika, na mazoezi yake mengi ni ya mwendo wa polepole. Wala hatusemi kwamba kila siku mtu atende jambo kubwa. Twasema kwamba jambo dogo la leo na lile kubwa la kesho hutendwa kwa mguu mmoja.

Basi "Akiba haiozi" ni neno la kweli kwa gurudumu. Kwa mguu, akiba huoza. Gurudumu jema na litundikwe ukutani lingoje siku yake. Wema wa mtu usitundikwe pamoja nalo.