Kujidharau si Unyenyekevu

Wako watu katika vijiji vyetu wasioiba, wasiotukana, wasio na ugomvi na mtu. Walakini kila siku wanamwonea mtu mmoja bila huruma, na mtu huyo ni nafsi yao wenyewe. Ukimwambia mmoja wao, "Shamba lako limestawi," atajibu, "Mimi ni mtu gani?" Barazani hukaa nyuma, akiulizwa shauri, husema hana. Nasi humsifu tukisema, "Tazameni mtu mnyenyekevu!" Yafaa tufikiri kama sifa hiyo ni ya kweli.

Mnyenyekevu anaijua nguvu yake, ila hajivuni kwayo. Anayejidharau haijui, amekwisha kujihukumu kabla shauri halijasikilizwa. Mnyenyekevu akikosa husema, "Nimekosa," akatengeneza. Anayejidharau husema, "Mimi ndimi kosa," asitengeneze kitu. Wa kwanza humtazama mwenzake. Wa pili hujitazama mwenyewe mchana kutwa. Nasi tulioagizwa kumpenda jirani kama nafsi zetu, tutampendaje kwa kipimo kilichovunjika?

Tabia hii yatoka wapi? Mtoto hazaliwi nayo, hufundishwa. Sisi wa Kerenge na Korogwe yote tunao mfano wetu. Zamani za ukoloni, watu waliotoka mbali kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya mkonge waliitwa manamba. Mtu mwenye jina, ukoo na kwao, akawa namba. Mikataba ile imekwisha, lakini desturi ya kumpunguza mtu haijaisha. Twaifanya nyumbani tunapomwita mtoto mjinga asubuhi na jioni, au tunapompima kwa ndugu yake aliyefaulu mtihani. Neno la nje likirudiwa mno huingia ndani likajenga, hata mwenyewe akadhani ni sauti yake.

Labda mtu atasema, "Basi na ajitie moyo, akalime, mawazo yatakwisha." Kazi ni dawa njema, sikatai. Lakini wahenga walisema, kinyozi hajinyoi. Anayejidharau hujitazama kwa jicho lile lile lililo gonjwa, ataonaje sawasawa? Anahitaji jicho la mwingine.

Hapo ndipo wengi huona haya, maana hudhani msaada wa namna hii ni wa wenye wazimu tu. Katika milima ya Usambara, wilayani kwetu Korogwe, iko hospitali ya Lutindi. Wamisioni wa Kijerumani waliianza mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, na mwaka 1904 ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hata leo wagonjwa hutibiwa huko kwa dawa, na kwa kazi za mikono pia. Ni kazi ya kuheshimiwa, wala haimpasi mtu kuitaja kwa kicheko. Lakini anayejidharau hana wazimu, na mara nyingi hahitaji kulazwa popote. Ahitaji kusikilizwa na mtu aliyejifunza kusikiliza.

Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliona kwamba madaktari wa akili ni wachache mno, akaanza kuwafundisha akina bibi kazi hiyo. Bibi huketi na mwenye huzuni juu ya benchi la mbao karibu na zahanati, akamsikiliza, akamsaidia kuchagua tatizo moja na njia ya kulitatua. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi: waliosaidiwa hivyo walipungukiwa na sonona, yaani huzuni iliyo ugonjwa, kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida.

Mshauri mwema hakusifu bure. Hukuuliza, "Wasema hufai kitu, ushahidi uko wapi? Nani alikwambia kwanza? Ndugu yako angesema hivyo, ungemjibuje?" Kisha hukupa jambo dogo la kutenda, mrudi mlitazame pamoja. Kidogo kidogo hukumu ya zamani hupata kukatiwa rufani.

Basi, ndugu, mficha maradhi kilio humfichua. Ukiona moyo wako umekuwa adui yako majuma mengi, usingizi umekimbia, kazi imekushinda, mwendee mtu mwenye siri na busara, kisha nenda kituo cha afya ukamweleze tabibu, umwombe akuonyeshe mshauri. Na mtu akinena kwamba afadhali afe, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Nasi wazazi na walimu tuangalie vinywa vyetu. Ni rahisi kumwita mtoto kwa jina lake kuliko kumtafutia, miaka ishirini baadaye, mtu wa kumkumbusha kwamba analo.