Kupiga Kasia Kando ya Akampene

Ziwa Bunyonyi liko kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mji wa Kabale, zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Wageni huja asubuhi, hukodi kayaki au mtumbwi wa gogo, huzunguka miongoni mwa visiwa 29 na kurudi jioni. Maji hayana mamba wala viboko, na vilima vyenye matuta ya mashamba vimelizunguka ziwa pande zote.

Waongozaji huwaonyesha wageni kisiwa kidogo sana kiitwacho Akampene, yaani Kisiwa cha Adhabu. Zamani, kwa desturi ya Wakiga, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliachwa hapo bila chakula. Wengine walikufa kwa njaa na baridi. Wengine walizama wakijaribu kuogelea hadi nchi kavu. Husimuliwa pia kwamba mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda na mtumbwi, akamchukua msichana na kumwoa bure.

Je, ni haki kustarehe mahali walipofia watu?

Wapo wanaosema si haki, kwani hatuchezi makaburini. Hoja hiyo ina uzito, lakini tukiifuata hadi mwisho hatutapata njia ya kupita, maana ni ardhi gani ambayo mtu hakuwahi kuonewa? Wenyeji wenyewe huvuka ziwa hilo kwenda sokoni na kanisani, nao hucheka wakiwa njiani. Wengine husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini ndwele haigangwi kabla ya kujulikana.

Kwa maoni yangu, kosa haliko katika kasia wala kicheko. Liko katika namna tunavyosimulia. Tukisema, "Wasichana waliokosa walitupwa hapa," msichana yumo katika sentensi na kosa limo, ila mwanamume hayumo. Mimba ilitokana na watu wawili, kisiwa kikampokea mmoja. Anayeirudia sentensi hiyo anairudia hukumu, hata kama anaihurumia maiti.

Na yule aliyekuja na mtumbwi, tumwite mwokozi? Aliokoa uhai, hilo halipingiki. Lakini alipata mke kwa sababu msichana alilazimika kuchagua kati yake na kifo. Tendo jema lililotegemea uonevu halikuuondoa uonevu wenyewe. Kesho yake kisiwa kilibaki palepale, kikimsubiri mwingine.

Desturi hiyo imekoma, lakini hesabu yake ya mtu mmoja kwa kosa la wawili bado tunayo. Nchini Tanzania, hadi Novemba 2021, mwanafunzi aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Hata pale sheria inaporuhusu, mara nyingi msichana hubaki nyumbani na mtoto huku mvulana akiendelea na masomo, na wanafunzi wenzao hawaoni ajabu. Sisi tunaosoma chuoni tumekaa na wavulana hao darasa moja.

Kwa hiyo mgeni na apige kasia, afurahie ndege na milima. Mwongozaji akikinyoshea kidole kisiwa na kueleza habari za wasichana, amwulize jambo moja: wanaume waliowapa mimba waliadhibiwa wapi?