Swali Lililoletwa Limeshafungwa

Mhandisi kazini huletewa swali likiwa limeshafungwa. Mtambo huu upunguze upotevu, mradi ule umalizike kwa wakati. Akilijibu vizuri husifiwa, hata kama halikuwa swali lenyewe. Kuna walimu, tena wabobezi wa mifumo, walionaswa na mtego huu, na kisa chao kinamfaa kila anayesomesha wahandisi wa shahada ya uzamili.

Katikati ya miaka ya 1960 Gwilym Jenkins alianzisha idara ya uhandisi wa mifumo katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Mwaka 1969 alijiunga naye Peter Checkland, mkemia aliyekuwa ametumikia kampuni ya kemikali ya ICI kwa miaka kama kumi na mitano. Darasani kwao mitihani ya kubuni haikutosha. Wanafunzi wa uzamili walipelekwa kwenye makampuni, wakakabidhiwa matatizo halisi, na walimu wakawa nao bega kwa bega. Mkononi walikuwa na mbinu inayoaminika: taja lengo, buni mifumo kadhaa ya kulifikia, pima, kisha chagua ulio bora. Kiwandani, ambako hakuna anayebishana kuhusu kinachotakiwa kutoka kwenye bomba, mbinu hiyo hufanya kazi barabara.

Ndipo wakafika kwenye mradi wa Concorde, upande wa Uingereza. Walitaja lengo bila kusita: kuunda ndege ya abiria inayoishinda sauti kwa kasi, yenye sifa zilizokubaliwa, ndani ya muda na bajeti. Nani angepinga? Wakajenga mfumo wao juu ya sentensi hiyo, na matunda waliyoyatarajia hayakuonekana.

Sentensi ilikuwa sahihi kwa mhandisi peke yake. Concorde ilizaliwa na mkataba wa Novemba 1962 kati ya Uingereza na Ufaransa, wakati Uingereza ikibisha hodi kwenye Soko la Pamoja la Ulaya. Kwa wanasiasa wa London, ndege hiyo ilikuwa pia barua ya posa. Rais wa Ufaransa, De Gaulle, aliikataa posa Januari 1963, akaikataa tena 1967, lakini ndege ikaendelea kuundwa. Serikali ya chama cha Labour ilipotaka kujitoa mwaka 1964, ilikuta mkataba hauna kifungu cha kutokea. Sasa mtu akija na jedwali la gharama na ratiba, anamsaidia nani hasa? Bajeti ilikuwa jambo mojawapo tu, na pengine si la kwanza.

Checkland na wenzake hawakuishia kuwalaumu wenyeji kwa ukaidi, kama washauri wengi wafanyavyo. Waliigeukia mbinu yao wenyewe. Lengo likaacha kuwa hatua ya kwanza. Kwanza mwanafunzi achore kwa mkono picha ya hali nzima: watu, ugomvi, hofu, nani anamwajibikia nani. Kila mfumo anaoubuni autaje pamoja na macho yanayoutazama. Checkland alipenda mfano wa gereza: kwa huyu ni mahali pa adhabu, kwa yule pa kurekebisha tabia, kwa mwingine ni shule ya uhalifu. Michoro hiyo hailetwi iwe jibu, huletwa ili wahusika wabishane vizuri zaidi. Mbinu hiyo laini, kama ilivyokuja kuitwa, aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1981.

Vyuo vyetu bado humtaka mhandisi aandike lengo la tasnifu kabla hajakanyaga eneo la kazi, na akilibadilisha baadaye huonekana hakujipanga. Wewe unayesimamia wanafunzi hawa, mpe wako ruhusa ya kulifuta swali la kwanza baada ya kuzungumza na fundi, mhasibu na mteja. Asipolifuta, muulize amezungumza na nani.