Kosa la Nchi Kavu, Adhabu ya Majini

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundisha, lakini hatua zake fundi yeyote wa injini za boti atazitambua.

Nahodha wetu ana boti ya mbao yenye injini ya kupachika nyuma, nguvu za farasi 40, ya mapigo mawili. Kazi yake ni kubeba watu na vyakula kwenye Ziwa Kivu, kati ya Minova na soko la Kituku, Goma. Tangu Februari 2024, vita vilipokata barabara ya Sake kwenda Minova, maharagi, mihogo na ndizi vya kulisha mji viligeukia ziwa. Safari ziliongezeka, na nahodha akazoea kujaza haraka na kuondoka haraka.

Asubuhi moja pompe zilikuwa kavu. Kijana wake wa injini akaenda kwa kadhafi, wale wauzaji wa esansi wanaopanga chupa na bidoni kando ya barabara.

"Kapitene, hii ni safi kabisa. Imetoka pompe jana," muuzaji akamwambia nahodha aliyefika kulipa.

Bei ilikuwa chini kuliko kawaida. Nahodha hakuuliza sababu. Akachukua bidoni mbili za lita 20.

Ufukweni ikaonekana kuwa oili ya boti imebaki ya kutosha bidoni moja tu. Kijana akaimimina yote humo. Kwa bidoni ya pili akaazima oili ya gari kwa jirani, akaipima kwa jicho, kama nusu ya inayotakiwa.

"Papa, oili ni oili," alisema. Nahodha akakubali kwa kichwa.

Hapo kila mtu alikuwa amepunguza kidogo tu. Muuzaji alipunguza esansi kwa kuongeza mafuta ya taa, kijana akapunguza oili, nahodha akapunguza maswali.

Kwenda Minova hakukuwa na shida. Kurudi alasiri, boti ikiwa imejaa magunia na watu, wakaunganisha bidoni ya pili. Baada ya muda injini ikaanza kugonga, sauti kavu kama kokoto ndani ya kopo. Mwendo ukapungua. Nahodha akadhani ni uzito wa mzigo, akaongeza moto. Ikaja harufu ya rangi inayoungua, kisha injini ikazima ghafla. Kijana akavuta kamba ya kuwashia. Haikuvutika hata kidogo. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda.

Boti iliyokosa injini haina uso. Upepo uliigeuza ubavu kwa mawimbi, abiria wakaanza kusimama, na kila aliyesimama aliizidisha kuyumba.

"Kaeni! Kila mama akae alipo, mizigo msiiguse!" nahodha alipiga kelele. Kasia lilikuwa moja. Walisukwasukwa hadi boti nyingine ilipowafunga kamba na kuwavuta. Jioni walifika Kituku wote wakiwa hai.

Si wote wanaopata bahati hiyo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na Kituku watu wa ufukweni wakiitazama, na makumi ya abiria wakafa. Pale kilicholaumiwa ni kujaza kupita kiasi, si injini. Lakini ajali ile ilionyesha jinsi chombo kilichojaa kisivyo na nafasi ya kosa la pili. Injini ikizima katika boti ya namna hiyo, hilo ndilo kosa la pili.

Kesho yake fundi alifungua kichwa cha injini. Akamwonyesha nahodha plagi: kwenye ncha yake kulikuwa na chembe ndogo za rangi ya fedha, alumini iliyoyeyuka kutoka kwenye pistoni. Ubavu wa pistoni ulikuwa na michubuko ya wima, na ringi zilikuwa zimeganda kwenye mifereji yake. Kisha akachovya kidole katika esansi ya muuzaji yule ambayo haikuwa imetiwa oili, akadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na tone la esansi yake mwenyewe pembeni. Baada ya dakika chache tone lake lilikuwa limekauka bila alama. Lile la muuzaji liliacha doa la mafuta.

"Papa, injini hii haikufia ziwani," fundi alisema. "Mliiua asubuhi, mlipokuwa mnajaza."

Ili kuelewa maneno yake, lazima kujua kuwa injini ya mapigo mawili haina sehemu ya chini ya kuhifadhi oili kama ya gari. Oili yake husafiri ndani ya esansi, hupaka beringi, pistoni na kuta za silinda, kisha huungua na kutoka na moshi. Ukiipunguza, vyuma vinasuguana vikavu. Tena lazima iwe oili inayoungua bila kuacha majivu mengi. Oili ya gari imetengenezwa ikae ndani ya injini miezi kadhaa, na dawa zilizotiwa humo huacha majivu zinapoungua. Majivu hayo hugandisha ringi na kuchafua plagi. Oili inayofaa injini ya boti ya mapigo mawili, inayopozwa kwa maji, ina alama TC-W3 kwenye chupa. Hata oili ya pikipiki ya mapigo mawili si mbadala wake, kwa kuwa imekusudiwa injini inayopozwa kwa hewa.

Mafuta ya taa nayo huwaka kwa namna tofauti na esansi. Yakibanwa pamoja na hewa ya moto ndani ya silinda, hulipuka kabla ya wakati wake. Ndiyo ile sauti ya kugonga. Kila kugonga huongeza joto juu ya pistoni, na kuongeza moto wakati injini inagonga ni kuiharakisha ife. Wapo watakaosema wamewahi kuona injini za boti zinazotumia mafuta ya taa. Ni kweli, zipo, lakini zilitengenezwa hivyo kiwandani: huwashwa kwa esansi, zikipata joto ndipo zinahamishiwa mafuta ya taa. Injini ya nahodha wetu haikuwa ya aina hiyo.

Mchezo wa kuchanganya si wa Goma peke yake. Unafuata tofauti ya bei kati ya esansi na mafuta ya taa. Tanzania ilianza kutia vinasaba, yaani alama za kemikali, katika mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji, kisha ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Serikali hizo zilijua kuwa wito wa uaminifu hautoshi mahali ambapo kudanganya kuna faida. Mnunuzi wa bidoni kando ya barabara hana maabara wala mkaguzi, kwa hiyo kipimo lazima akibebe mwenyewe.

Kipimo chenyewe si ghali. Mimina mafuta kidogo katika chupa ya kioo, uiache itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yatashuka chini na utauona mstari. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo. Hayo utayajua kwa karatasi, kabla hujatia oili, kama alivyofanya fundi. Mafuta yakishindwa kipimo kimojawapo, yarudishe, hata kama safari itachelewa.

Kisha soma kitabu cha injini yako, usisome cha jirani. Injini nyingi za mapigo mawili hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za esansi: mililita 400 kwa bidoni ya lita 20, mililita 500 kwa ya lita 25. Injini mpya huhitaji zaidi katika saa zake za mwanzo. Pima kwa chupa yenye alama, si kwa jicho. Tia nusu ya esansi, kisha oili, tikisa, ndipo umalizie. Wala usifikiri kuwa oili nyingi ni usalama: kila tone linalozidi huchukua nafasi ya esansi, mchanganyiko unaowaka unakuwa na hewa nyingi mno, na injini inapata joto kupita kiasi huku plagi ikichafuka.

Kama injini yako ni ya mapigo manne, usitie oili katika esansi kabisa. Hiyo ina oili yake ya kujaza na kubadilisha, tafuta yenye alama FC-W. Kwa sababu hii andika juu ya kila bidoni kilichomo ndani, maana bidoni mbili za njano hazitofautiani gizani. Mazutu nayo ni ya injini za dizeli tu.

Jambo la mwisho ni mwinuko. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini haitoi nguvu yote iliyoandikwa ubavuni. Anayepakia kwa kuamini namba ile anailazimisha injini ifanye kazi kwa moto wote safari nzima, na hapo mafuta mabaya hayachelewi kuleta madhara.

Nahodha alilipa pistoni, ringi, kuchongwa kwa silinda na siku alizokaa bila kazi, ili kuokoa bei ya chupa moja ya oili. Anayesema hana dakika kumi za kusubiri chupa itulie, abiria wana haki ya kumuuliza amejaza nini kabla hawajatoa nauli.