JE, KUMTIBU MTU WA UNGA NI KUMSAIDIA KATIKA ULEVI?

Ndugu zetu, lipo neno lisemwalo sana mabarazani: kwamba methadoni, dawa waliyoanza kunyweshwa watu wa unga katika hospitali ya Malindi mwaka 2015, ni kubadili kileo kwa kileo, na Mwislamu hawezi kuikubali. Neno hili lataka kupimwa kwa mizani ya sheria na akili, kwani kwa ajili yake kijana wa mtu aweza kuzuiliwa dawa mpaka akafa.

Ulevi umeharamishwa kwa kuwa huondoa akili na humsahaulisha mtu Mola wake. Basi na tutazame dawa hii yafanya nini. Aliyezoea heroini, zikipita saa chache asiipate, hushikwa na arosto: maumivu ya mwili, kutapika, kuhara na kukosa usingizi. Hapo huiba hata sufuria za mamake. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, kwa kipimo, mbele ya mhudumu, na nguvu yake hudumu usiku na mchana. Kipimo kikiwa sawa, mtu halewi wala hateseki. Tangu Vincent Dole na Marie Nyswander walipotangaza uchunguzi wao huko New York mwaka 1965, waganga wamethibitisha kwamba matibabu haya hupunguza vifo na sindano zienezazo Ukimwi. Kile huondoa akili, na hiki huirudisha. Vipi vitakuwa na hukumu moja?

Tena mfikirini mgonjwa wa saratani apewaye mofini kwa maumivu yake. Heroini yenyewe hutengenezwa kwa mofini, lakini hapana amwitaye mgonjwa huyo mlevi. Twamhurumia kwa kuwa maradhi yake hayakuanza kwa dhambi. Kumbe tulichokuwa tukikikataa ni mgonjwa, wala si dawa.

Mtume (S.A.W.) aliletewa mara nyingi mtu mmoja aliyekuwa akinywa pombe, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Dhambi haikuhalalishwa, na mwenye dhambi hakutupwa.

Wala hatusemi kwamba dawa peke yake yatosha. Wengine huihitaji kwa miaka, na atokaye zahanati asubuhi akakosa kazi, na msikitini akatazamwa kama mwizi, ni rahisi kurudi maskani kwa wauza unga. Hospitali yatoa dawa. Nafasi katika safu, kazi ya mikono na subira ni juu yetu. Jambo hili ni fardhi kifaya: mji mzima ukiliacha, mji mzima wapata dhambi. Basi makhatibu na waliseme mimbarini, wenye maduka na karakana wawape kazi, na wazazi wasiwafiche wana wao kwa aibu.

Mola atujaalie tuwe wenye kurehemu, ili nasi turehemewe. Amin.