Mkuki kwa Nguruwe: Aya Inamfunga Nani?

Swali ninalolijadili katika insha hii ni la kimaadili kabla halijawa la kidini: mtu anapomwamrisha mwenzake kwa maneno matakatifu, tutajuaje kama anayasoma au anayatumia tu? Nalijadili kwa kutazama jinsi Biblia inavyotumiwa kuwadunisha na kuwatawala wanawake. Jibu ninalolitetea ni fupi. Anayesoma kwa haki hukubali aya imfunge na yeye. Anayeitumia huishika kama mkuki, ncha ikiwa upande wa mwenzake. Wahenga walikwisha sema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mimi ni mtoto wa Palma, Tungue, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado. Kwetu Wakristo ni wachache. Watu wa pwani, Wamakwe na Wamwani, wengi wao ni Waislamu. Wakristo ni Wamakonde wa bara na wageni waliofuata kazi za gesi kule Afungi. Nalitaja hili ili ieleweke kwamba ninapolikosoa kanisa, naikosoa nyumba niliyolelewa.

Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na watu wetu wakatawanyika: wengine Quitunda, wengine Pemba, wengine wakaukimbilia mto Ruvuma. Huko ukimbizini nilikuwapo mzee mmoja wa kanisa alipomshauri mama aliyepigwa na mumewe hadi jicho likafumba. Alimsomea Waefeso sura ya 5, aya ya 22 hadi ya 24, zinazowataka wake wawatii waume zao. Akafunga kitabu, akaomba, akamwambia arudi kwake avumilie. Mume alikuwa ameketi pale pale. Yeye hakusomewa kitu.

Tuitazame sura yenyewe. Aya ya 21, iliyotangulia, inawaambia waumini wote watiiane. Katika baadhi ya nakala za kale kabisa za Kigiriki, aya ya 22 haina hata kitenzi chake; inakiazima kutoka aya ya 21. Kwa hiyo anayeanzia aya ya 22 ameikata sentensi shingoni. Kisha kuanzia aya ya 25 Paulo anamgeukia mume kwa maneno mengi kuliko aliyomwambia mke: ampende kama Kristo alivyolipenda kanisa hata akajitoa kwa ajili yake, na autunze mwili wa mkewe kama anavyoutunza wake mwenyewe. Mwanamume anayempiga mkewe hawezi kusomewa aya hizo akatoka pale kifua mbele. Ndiyo maana hakusomewa.

Mfano wa pili uko katika 1 Wakorintho 7:4. Wanaume wengi wanaijua nusu ya kwanza, isemayo kwamba mke hana mamlaka juu ya mwili wake, bali mumewe. Nusu ya pili ya aya hiyo hiyo inasema vivyo hivyo juu ya mume: mwili wake uko chini ya mamlaka ya mkewe. Paulo aliweka mizani yenye pande mbili, nasi tukauza kwa upande mmoja.

Kuna wanaosema kwamba haya ni maneno ya wasomi wanaotaka kukwepa amri iliyo wazi. Kwao, neno limeandikwa, na mtu hana ruhusa ya kuchagua. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Lakini katika waraka ule ule, sura ya 6 aya ya 5, yaani kabla hazijapita aya 20, watumwa wanaamriwa kuwatii mabwana zao. Watu wa Tungue hatuwezi kuipita aya hiyo haraka. Katika karne ya 19 watu wa bara walishushwa kwenye pwani yetu wakauzwa ng'ambo. Huko Marekani wenye mashamba walikuwa na wahubiri wa kuwasomea watumwa aya hiyo. Leo sijamsikia mchungaji hata mmoja, wa Palma wala wa Pemba, akihubiri kwamba utumwa urudi kwa sababu umeandikwa. Wote wanakubali kwamba Paulo alisema na watu wa dunia yao, na kwamba roho ya Injili inakataa binadamu kumilikiwa. Kwa hiyo kuchagua kumekwisha fanyika. Swali lililobaki ni kwa nini busara hiyo inawafikia watumwa na inaishia mlangoni mwa mwanamke.

Wapo pia wanaodai kwamba Biblia na mila zetu zinakubaliana kumweka mwanamke chini. Kwa Wamakonde dai hili halisimami. Kwa asili ukoo wetu huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Mume kuwa mkuu wa familia kulikuja na karatasi za serikali pia: Sheria ya Kiraia ya Ureno ya mwaka 1966, iliyotumika hata Msumbiji, ilimtaja mume kuwa kichwa cha familia. Msumbiji huru iliachana na kanuni hiyo kwa Sheria ya Familia namba 10 ya mwaka 2004. Kinachoitwa mila ya tangu na tangu wakati mwingine ni sheria ya mkoloni iliyovaa kanzu ya kasisi.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, liko jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja: tafsiri. Katika Warumi 16:1 Paulo anamtaja Fibi, mwanamke wa kanisa la Kenkrea, kwa neno la Kigiriki diakonos. Biblia ya Union, inayosomwa sana Afrika Mashariki, inamwita mhudumu. Neno hilo hilo linapotumika kwa wingi katika Wafilipi 1:1, limetafsiriwa mashemasi. Katika Mwanzo 2:18 mwanamke anaitwa msaidizi, na kwetu msaidizi ni yule anayetumwa. Lakini neno la Kiebrania lililotumika pale, ezer, ndilo linalotumika katika Zaburi ya 121 kumhusu Mungu, ambaye ndiye msaada wetu. Hakuna anayesoma zaburi hiyo akadhani Mungu ni mdogo wetu. Simlaumu mtafsiri kwa nia mbaya. Nasema tu kwamba dharau inaweza kuingia katika uchaguzi wa neno moja, ikakaa humo miaka mingi bila mtu kuishuku.

Je, tatizo hili ni la Wakristo peke yao? Sisi wa Tungue tunajua kwamba sivyo. Wapiganaji walioanza vita Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 walijitangaza kuwa wanaitetea Qurani. Desemba 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba walikuwa wamewateka wanawake na wasichana zaidi ya 600 tangu 2018, na wengi waliozwa kwa nguvu. Lakini Qurani hiyo hiyo, sura ya 4 aya ya 19, inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, na masheikh wa Cabo Delgado waliwapinga vijana hao hata kabla ya risasi ya kwanza. Sisemi kwamba mzee wa kanisa ni sawa na mtekaji. Nasema kwamba kosa la kusoma ni moja: kitabu kinafunguliwa pale panapomfunga mwanamke, na kinafungwa kabla hakijamfikia mwanamume.

Nakiri kwamba si kila aya inapona kwa kusoma iliyo jirani yake. 1 Timotheo 2:12, inayomkataza mwanamke kufundisha, ni ngumu, na wasomi bado wanaibishania. Hata hivyo aya ya 8 ya sura hiyo inawataka wanaume wasali pasipo hasira wala mabishano. Anayemnyamazisha mwanamke kwa kufoka ameivunja aya ya 8 ili ailinde ya 12. Na makanisa ya kanda yetu yamekwisha onyesha kwamba ugumu huo haulazimishi kumziba mwanamke kinywa: Uganda, Askofu Festo Kivengere aliwapa wanawake upadri mwaka 1983, Kenya, Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana mwaka 2021. Biblia wanayoisoma ni hii hii yetu.

Kwa hiyo kipimo changu hakimtaki mtu aache imani. Kinamtaka anayeshauri wanandoa awasomee wote wawili, na asome mpaka mwisho wa sura. Kinamtaka binti anayesomewa aya awe na kitabu chake mkononi na ajue kusoma. Huko kwetu hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu wasichana wengi waliacha shule vita vilipoanza, na asiyejua kusoma atabaki kuamini kwamba aya iliishia pale msomaji alipofunga kitabu.